Kiraka Kipya Kwenye Bawa Lililopauka

Swali: Shikamoo mzee. Nipo Kassel, Ujerumani. Kwenye soko la mitumba nimepata glaida ya zamani ya rimoti, yaani ndege ndogo ya modeli isiyo na injini, Graupner Amigo, mabawa mita 2. Bawa la kulia lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja na ubavu mmoja, kile kibao chembamba kinacholipa bawa umbo, umevunjika. Mbao nimeshaitengeneza. Nikanunua nailoni mpya ya kufunikia bawa, ile inayobandikwa kwa pasi ya moto, rangi ya chungwa, nikaibandika. Sasa kiraka kinawaka kama taa ya bodaboda na bawa lililobaki linaonekana limechoka. Nimejaribu machungwa ya aina tatu, hakuna hata moja inayolingana. Nifanyeje? Nibandue yote nianze upya?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Pole kwa hizo nailoni tatu. Najua bei ya roli moja huko, na najua inavyouma kuikata kipande cha kiganja halafu roli nzima ikalala kabatini.

Usibandue bado. Kabla hatujagusa habari ya rangi, bonyeza nailoni ya zamani kwa ncha ya kidole, katikati ya mbavu mbili, upande wa juu uliopigwa jua zaidi. Bonyeza taratibu, kama unavyojaribu embe sokoni. Ikibonyea na kurudi, iko hai. Ikipasuka kwa mlio mkavu kama ganda la kitunguu, imekufa, na hapo bandua yote bila huruma, kwa sababu bawa la mbavu linaitegemea ngozi yake, yaani hiyo nailoni, ili lisijipinde hewani. Lakini wewe umeshapitisha pasi pembeni yake na haikuchanika, kwa hiyo nadhani yako bado ina uhai. Tuendelee kwa dhana hiyo.

Kabla sijahamia Ulaya na kuanza kuchezea glaida, nilikuwa fundi rangi wa magari Gerezani, Dar es Salaam. Gari linaletwa, mlango mmoja umegongwa. Namba ya rangi ipo kwenye kibati chake. Fundi mgeni anaisoma, anachanganya kama kitabu kinavyotaka, anapuliza, na mlango unatoka safi kabisa. Mwenye gari anakuja, anakunja uso, na ana haki. Mlango umerudi kiwandani, gari lililobaki lina miaka yake 12 ya jua la Dar. Baada ya aibu kama hizo mbili tatu ndipo unajifunza kuiacha namba na kulitazama gari lenyewe.

Glaida yako haina hata hiyo namba. Graupner wa Kirchheim unter Teck waliuza boksi la mbao na ramani, na ngozi mjenzi aliinunua pembeni kwa chaguo lake. Chungwa lako lilichaguliwa na mtu aliyesimama dukani pengine miaka 40 iliyopita, akiwa na hela alizokuwa nazo siku hiyo. Huenda nailoni yenyewe haitengenezwi tena. Solarfilm ya Uingereza, iliyofunika glaida nyingi sana za enzi zile, ilishafunga. Ndiyo maana machungwa matatu yamekushinda, na hata ukinunua la saba litakushinda. Unachotakiwa kulinganisha ni chungwa pamoja na jua lililopita juu yake, na jua halikupita sawasawa kila mahali.

Anza kwa kuosha. Najua unaona nakupotezea muda. Kuna Jumamosi nzima niliyowahi kuimaliza nikichanganya rangi ya bawa la mteja, tone kwa tone, mpaka nikaipata. Akaja jioni, akapitisha kitambaa chenye maji juu ya bawa, kitambaa kikatoka na rangi ya ugoro, na bawa likarudi karibu na wekundu wake wa awali. Mimi nilikuwa nimelinganisha uchafu. Hizi ndege zimekaa miaka kwenye vyumba vya chini ambamo watu walivuta sigara na kushika mabawa kwa mikono yenye mafuta. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, na uiviringishe juu ya nailoni, usisugue. Fungua kidirisha cha sentimita 2 tu, karibu na kiraka, kisha ukikaushe. Kama kidirisha kimetofautiana na jirani zake, osha bawa zima kabla ya kuamua lolote. Maji yasiingie kwenye kingo zilizoinuka.

Baada ya kuosha ndipo utajua bawa linaumwa nini. Sisi kwa Kiswahili tunasema rangi imepauka, basi, lakini humo ndani kuna magonjwa matatu tofauti. Kuna rangi iliyochuja, yaani vitia rangi vyenyewe vimevunjwa na miale ya jua. Chungwa na waridi zile za kung'aa kupita kiasi ndizo zinazokufa mapema, na nailoni za kupitisha mwanga zinafuata, kwa kuwa ndani yake kuna rangi iliyoyeyushwa, tofauti na zile zenye chembe ngumu za rangi. Nyeusi ya masizi na nyekundu ya kutu hazijali jua. Ugonjwa wa pili ni kufubaa: rangi ipo, ila uso umejaa mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, na jicho linasoma weupe. Wa tatu ni kugeuka njano, unaokuta zaidi kwenye vanishi za zamani na dopi, ile vanishi ya kukazia karatasi ya bawa. Kila mmoja una dawa yake, na ukimpa mgonjwa dawa ya mwenzake unaharibu.

Kufubaa ndiko kunakowadanganya watu wengi. Wanabadilisha rangi wakati tatizo ni mng'ao. Nailoni mpya inang'aa kama kioo, ya zamani inang'aa kama meza ya mgahawa, na hata zingekuwa chungwa moja zingeonekana mbili. Jaribu hivi: lowesha kidogo sehemu ya zamani iliyo jirani na kiraka. Maji yanajaza mikwaruzo, na kwa sekunde chache unaiona rangi yake ilivyo hasa. Ikisogea karibu na kiraka chako, kazi yako kubwa ni kukifubaza kile kiraka. Chukua dawa ya meno nyeupe, weka kwenye pamba yenye maji, sugua kwa mviringo bila kukandamiza, suuza, tazama, rudia. Mimi siku hizi naanza na hilo kabla ya chupa yoyote ya rangi, na mara kadhaa nimeishia hapohapo.

Sasa lishike bawa dhidi ya taa. Ukiona kivuli cha mbavu, nailoni yako inapitisha mwanga, na hapo kuna mtego ambao sijui kama umeufikiria. Ubavu uliouweka ni balsa mpya, ile mbao nyepesi ya modeli, nyeupe kama mkate. Mbavu za zamani zimeshakuwa na rangi ya asali. Jicho linaiona nailoni na kilicho chini yake kwa pamoja, kwa hiyo kiraka kinawaka kutokea ndani. Hata ungepata nailoni ya roli lilelile la mwaka ule, juu ya mbao nyeupe ingeonekana ngeni.

Dawa ya hili ni chai ya rangi. Sitanii. Majani ya chai vijiko viwili kwenye nusu kikombe cha maji, chemsha mpaka iwe nzito, iache ipoe. Kiondoe kiraka: kipashe pasi kidogo na ukivute polepole kikijikunja kurudi nyuma, hakijakaa muda mrefu, kitatii. Pakaza chai kwenye ubavu mpya kwa brashi laini, safu moja tu. Ikikauka, linganisha na ubavu wa jirani, kisha rudia. Mimi kwa kawaida nafika mara tatu. Maji yataamsha nyuzi za balsa, kwa hiyo pitisha msasa namba 400 kwa wepesi mwishoni. Halafu subiri hadi kesho yake. Mbao yenye unyevu ikifungiwa chini ya nailoni na kupigwa pasi inatoa mvuke, na utapata malengelenge. Chai hiyohiyo inafaa kwa glaida zilizofunikwa kwa karatasi nyembamba na dopi, ambazo karatasi yake imezeeka ikawa ya njano. Ila karatasi mpya ya kiraka ikilowa inachanika kwa kuitazama tu, kwa hiyo ilaze juu ya mfuko wa plastiki uliotandazwa na uipake ikiwa imelala palepale.

Habari ya mahali pa kulinganishia. Usiamini taa ya mezani. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa vitia rangi tofauti zinaweza kupatana kivulini na kugombana chini ya taa ya LED, na ukirekebisha chini ya taa zinakuja kugombana nje. Glaida inatazamwa nje, basi hakimu wako awe mwanga wa nje: kivuli cheupe cha asubuhi, halafu jua la mchana. Kata kadibodi ya kijivu, toboa matundu mawili ya ukubwa wa sarafu, moja likae juu ya ngozi ya zamani na lingine juu ya kiraka. Bila kadibodi, jicho linavutwa na bawa zima na linakudanganya. Tazama pia bawa kwa chini, na chini ya stika yoyote ya zamani kama imeshaanza kuinuka yenyewe. Pale utaiona rangi ya siku ya kwanza, na utaelewa bawa limesafiri umbali gani na kuelekea wapi.

Kama baada ya kuosha, chai na dawa ya meno bado kuna tofauti, una njia tatu, nazo sizipendi sawasawa.

Ya kwanza ni kuipausha juani nailoni mpya. Mwaka mmoja nilikata vipande vya nailoni, upana wa vidole viwili, nikamtumia dada yangu Tanga avianike. Yeye kwa nia njema akavilaza juu ya bati. Jioni ya siku ya kwanza vilikuwa vimejikunja kama bamia zilizokaushwa. Nailoni hii inasinyaa kwa joto, ndiyo kazi yake, na bati la Tanga saa nane mchana linatosha. Mara ya pili tukapigilia vipande kwenye ubao wa plaiwudi kwa pini, ukaegemezwa ukutani, na kila baada ya wiki mbili alifunika sehemu ya upana wa kidole gumba kwa karatasi ya foili. Baada ya miezi 3 nilipokea ngazi ya machungwa, kutoka lile la dukani hadi lile la ganda lililosahaulika dirishani. Kipande cha wiki ya sita kilikaa kwenye bawa langu kana kwamba kilizaliwa hapo. Huko Kassel fanya nje, si nyuma ya kioo, maana kioo kinazuia sehemu ya miale unayoitaka, na uanze mwezi wa tano. Ukianza mwezi wa kumi na moja utasubiri mpaka uchoke. Inafanya kazi kwa nailoni za kupitisha mwanga na zile za kuwaka. Nailoni nzito yenye chembe za rangi itakaa juani msimu mzima ikikucheka.

Njia ya pili ni kupuliza ukungu mwembamba wa rangi juu ya kiraka. Hapa ndipo watu wanapoharibu kwa kuongeza nyeupe. Chungwa ukilitia nyeupe peke yake linakuwa rangi ya pipi, wala hakuna jua lililowahi kupausha kitu kikawa pipi. Rangi iliyopauka imekuwa nyepesi, lakini pia imepoteza ukali, na mara nyingi imeegemea kwenye njano ya udongo. Kwa chungwa naanza na matone 20 ya chungwa, matatu ya nyeupe, mawili ya njano ya udongo, na tone moja la bluu. Bluu ndiyo inayovunja ukali wa chungwa, lakini ni kama pilipili mbuzi kwenye mchuzi, tone la pili huwezi kulitoa. Tumia akriliki ya maji. Ijaribu kwenye kipande cha nailoni ileile uliyonunua, si kwenye karatasi, na usiihukumu ikiwa mbichi, kwa sababu akriliki nyingi zikikauka zinazidi weusi kidogo. Lala, amka, tazama.

Uso ufute kwa spiriti. Tina usiisogeze karibu. Kwenye nailoni nyingi za zamani rangi imekaa ndani ya gundi iliyo chini ya plastiki. Ndiyo maana ukizibandua zinaacha rangi kwenye mbao. Tina ikipenya kwenye ukingo inaiyeyusha gundi hiyo, na utaona chungwa linatiririka chini ya ngozi kama wino. Puliza kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, kwa mikono myepesi sana, na uiache rangi ife yenyewe pembezoni bila mstari. Simama kabla hujaridhika, maana mkono wa mwisho siku zote unazidi. Koti nene litapasuka bawa likijinyonga.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haina rangi ndani yake: hamisha mpaka. Kiraka chako kinaonekana kwa sababu kinaishia katikati ya uwanja, ambapo jicho linaweza kulinganisha huku na huku. Bandua ngozi ya juu kuanzia tundu mpaka mahali ambapo bawa lenyewe linabadilika. Kama bawa lako lina mkunjo karibu na ncha, ndiyo mahali pake, kwa sababu baada ya mkunjo uso unapokea mwanga kwa pembe nyingine na hata ngozi moja inaonekana mbili. Kama halina, ishia juu ya ubavu, au kwenye boriti, ule mti mrefu unaopita ndani ya bawa, na pita na mstari mwembamba wa rangi nyingine juu ya maungio. Nailoni ya kupitisha mwanga inapopandana inatoa mstari mweusi zaidi, kwa hiyo mapandano yote yakae juu ya mbao, milimita 5 zinatosha. Ukitaka, fanya hivyohivyo kwenye bawa la kushoto, na watu watadhani ulichagua. Ungekuwa kwenye karakana yangu ningekupa njia hii na dawa ya meno, tuonane kesho.

Pasi ianze kwenye joto la chini, ijaribu kwenye kipande cha takataka kwanza, na ngozi ya zamani iliyo jirani ikinge kwa kitambaa kilicholowa. Ile imeshasinyaa inavyotaka, haikuhitaji tena.

Rangi ina uzito, na kwenye glaida uzito una mahali. Tuseme mkia uko sentimita 75 nyuma ya kitovu cha uzito na pua iko sentimita 25 mbele yake. Gramu 10 za rangi utakazozipuliza mkiani zitadai gramu 30 za madini ya risasi puani ili ndege isawazike, na sasa umebeba gramu 40 kwa ajili ya urembo. Mkia uliopauka mimi nauosha na kuuacha. Kwenye bawa karibu na boriti una uhuru zaidi, ila pima kwa mizani ya jikoni kabla na baada.

Kiwiliwili hukukiuliza, kwa hiyo kwa kifupi tu. Kama ni mbao iliyopakwa rangi na imefubaa, kompaundi ya magari na kitambaa laini vitaamsha mengi, lakini angalia kitambaa: ukianza kuona rangi ya praima, umeshachelewa. Kama ni vanishi iliyogeuka njano, iache. Kwenye glaida za faiba nyeupe zilizogeuka njano, msasa wa maji namba 2000 halafu kompaundi, kwa kuwa mara nyingi unjano uko juujuu.

Siku ukipata nafasi, nenda Wasserkuppe, ule mlima wa glaida. Kwa aliyeko Kassel si safari ya kutisha. Makumbusho ya glaida yaliyopo pale yana glaida kubwa na za modeli pia. Simama upande wa dirisha, uangalie jinsi ngozi za zamani zinavyozeeka, ubavu kwa ubavu. Utarudi nyumbani na subira zaidi kwa bawa lako.

Ukimaliza, kabla ya kurusha, simama nyuma ya ndege na ulitazame kila bawa kwa jicho moja kutoka ukingo wa nyuma. Ngozi mpya upande mmoja inavuta, na bawa la kulia linaweza kuwa limejinyonga bila wewe kujua. Likiwa limejinyonga, mwenzako alishike kinyume huku wewe ukilipasha, na aendelee kulishika mpaka lipoe. Kisha nitumie picha. Ipige nje, kivulini, na uweke karatasi nyeupe kando ya bawa, la sivyo simu yako itanichagulia chungwa lake yenyewe.